Karatasi Iliyokwisha Kusema

Katika malighafi zote wanazotumia wasanii, karatasi ndiyo inayopewa heshima ndogo kuliko zote hapa kwetu. Mchongaji wa mpingo huheshimiwa kwa sababu kila mtu anajua ugumu wa mti ule. Mfinyanzi huheshimiwa kwa sababu chungu chake hupikiwa. Lakini mtu mzima akikaa kitako na mkasi, magazeti makuukuu na gundi, watu humwona kama anacheza na watoto. Karatasi kwetu ina hali mbili tu. Ama ina mhuri wa serikali, na hapo huogopwa. Ama imekwisha kusomwa, na hapo hufungiwa karanga.

Kwa hiyo habari ya tuzo ya sanaa inayoitukuza karatasi haina budi kutushangaza kidogo, na pengine kutufunza jambo. Ninayokusudia kuijadili ni tuzo ya Msanii wa Mwaka iliyoanzishwa na Deutsche Bank ya Ujerumani mwaka 2010. Benki hiyo imekuwa ikikusanya sanaa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na mkusanyo wake wenye makumi ya maelfu ya kazi umejengwa zaidi juu ya kazi za karatasi: michoro, chapa, picha za rangi za maji na picha za kamera. Tuzo nayo ilifuata mkondo huo. Ilikuwa kwa msanii ambaye bado anapanda, mwenye kazi za kutosha kumpima, na ambaye katika kazi hizo karatasi au picha za kamera zina nafasi muhimu. Haikuwa bahasha ya fedha. Mshindi alipewa maonesho ya peke yake na kitabu cha picha. Miongoni mwa washauri walioteua alikuwamo Okwui Enwezor wa Nigeria, aliyefariki mwaka 2019, mmoja wa wajuzi wakubwa wa sanaa waliopata kutoka barani mwetu. Na mshindi wa kwanza kabisa alikuwa binti wa Nairobi, Wangechi Mutu.

Msomaji wa Dodoma anafaa kukumbuka kwamba jina la benki hiyo si geni katika historia yetu. Kampuni iliyojenga Reli ya Kati iliundwa mwaka 1904 kwa mtaji wa kundi la mabenki ya Kijerumani lililoongozwa na Deutsche Bank hiyo hiyo. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Sisemi haya ili kufufua ugomvi wa zamani. Nayasema kwa sababu benki, kuliko taasisi nyingine, inajua siri ya karatasi: kwamba thamani yake haimo katika karatasi yenyewe bali katika yale yaliyochapwa juu yake na watu wakakubali kuyaamini. Noti, hati ya hisa, hawala, yote hayo ni karatasi zilizosadikiwa. Hata reli ile, kabla haijawa chuma, ilikuwa ramani na mikataba. Ajabu ni kwamba benki hiyo, ilipotafuta mtu wa kwanza wa kumtuza, ilimpata msanii ambaye kazi yake ni kuzihoji karatasi zilizosadikiwa.

Wangechi Mutu alizaliwa Nairobi mwaka 1972. Alisoma huko, kisha Wales, kisha Marekani, ambako alihitimu katika chuo cha Cooper Union mwaka 1996 na kupata shahada ya pili ya uchongaji katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2000. Aliyesomea uchongaji alijulikana kwanza kwa mkasi. Alikata picha katika magazeti ya mitindo, ya wanyamapori, ya pikipiki, na hata yale ambayo mtu mwenye haya huyaficha chini ya godoro. Akabandika vipande hivyo pamoja na wino na rangi, mpaka akapata wanawake wa ajabu, nusu watu, nusu mnyama au mashine. Kazi ya namna hiyo huitwa kolaji, yaani kazi ya kubandika vipande. Maonesho aliyopewa kwa ajili ya tuzo yalifanyika Berlin mwaka 2010, katika jumba la Deutsche Guggenheim lililokuwa ndani ya jengo la benki katika barabara ya Unter den Linden. Yaliitwa "My Dirty Little Heaven", yaani Pepo Yangu Ndogo Chafu.

Kazi zake nimezitazama katika picha zilizochapwa, si ukutani. Mtu aliyesimama mbele yake atakuwa ameona unene wa kipande juu ya kipande, na ukingo wa karatasi ulioinuka pale gundi ilipopungua. Mimi nazungumzia yale ambayo chapa inaweza kuyafikisha: mpango wa kazi, chanzo cha vipande vyake, na fikra iliyoviunganisha. Katika kolaji hayo si machache.

Kazi ninayoiona kuwa kipimo cha uwezo wake ni mfululizo wa karatasi 12 alioufanya katikati ya miaka ya 2000, uitwao "Histology of the Different Classes of Uterine Tumors". Kwa Kiswahili tungesema Elimu ya Tishu za Aina Mbalimbali za Uvimbe wa Mfuko wa Uzazi. Jina hilo hakulitunga. Ni la kitabibu. Alichukua kurasa zenye michoro ya zamani ya kufundishia tabibu, zinazoonesha viungo vya uzazi vya mwanamke na maradhi yake: saratani, vidonda, uvimbe, mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Juu ya kila ukurasa akajenga uso. Mchoro wa kiungo kinachougua ukawa paji la uso au shavu. Macho na midomo ikatoka katika magazeti. Hapa na pale akanyunyiza unga unaometameta kama ule wa kadi za sikukuu. Maandishi ya kitabibu aliyaacha yasomeke.

Angalia kilichotokea hapo. Ukurasa wa kitabu cha tiba ni karatasi yenye mamlaka. Huonesha mfuko wa uzazi usio na mwenyewe. Hakuna jina, hakuna uso, hakuna anayelia wala anayesubiri nje ya mlango. Kwa tabibu anayejifunza hilo ni la lazima, maana hawezi kujifunza ugonjwa kama kila mara atamwona mama yake. Lakini mamlaka ile ina gharama yake, nayo hulipwa na mwanamke aliyelala kitandani. Ukurasa wa gazeti la mitindo nao una mamlaka yake. Huonesha midomo isiyo na mtu, macho yasiyo na mtu, ngozi iliyolainishwa mpaka haina historia. Karatasi hizi mbili, moja ya maabara na moja ya duka la vipodozi, hazikupata kukutana. Ila zilikuwa zimefanya jambo moja, kumkata mwanamke vipande. Mutu alizikutanisha. Alitumia vipande hivyo hivyo kumrudishia mgonjwa uso. Uso huo si mzuri na unatisha, lakini unakutazama, jambo ambalo mchoro wa tabibu haukuliweza.

Hapa ndipo ninapopata jibu la swali ambalo kila tuzo ya karatasi inapaswa kujibiwa: kwa nini karatasi? Je, kazi hii isingeweza kuchorwa kwenye turubai kwa rangi ya mafuta? Ingeweza kuchorwa, lakini ingekuwa ni maoni ya mchoraji tu. Kwa karatasi ile ile iliyotoka kitabuni na gazetini, kazi inakuwa ushahidi. Karatasi ilikwisha kusema zamani, na sasa imeitwa tena kizimbani iyarudie maneno yake mbele ya watu wengine. Mshitaki ana kazi moja tu, kuyapanga.

Najua pingamizi litakalotolewa, maana limetolewa na watu ninaowaheshimu. Wanauliza: picha za viungo vya siri vya mama, tena zikichanganywa na vipande vya magazeti ya aibu, zina mahali gani katika sanaa ya watu wenye adabu? Mwalimu anaweza kusimama nazo mbele ya wanachuo wasichana na wavulana? Pingamizi hili si la kijinga, na wasomi wanaolicheka hawalisaidii lolote. Haya ni mali ya jamii. Tunaihitaji.

Hata hivyo wahenga wale wale waliotufundisha haya walituachia pia neno kwamba mficha uchi hazai, na jingine kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake wa Tanzania miongoni mwa saratani zote. Mwaka 2018 serikali ilianza kutoa chanjo kwa wasichana wa miaka 14 nchini kote. Ugonjwa huo ukigunduliwa mapema hutibika, na kinachouchelewesha mara nyingi ni aibu: mama hasemi kwa mumewe, hasemi kwa binti yake, na anapofika hospitali maneno yanamkwama kwa sababu hakuwahi kuyatamka kwa sauti. Katika hali kama hiyo swali la adabu linageuka. Ni adabu gani inayomlinda mtu mpaka kaburini? Karatasi za Mutu hazimvui mwanamke nguo. Zinawavua wale waliozoea kumtazama bila yeye kuwatazama. Ndiyo tofauti yake na magazeti aliyoyakata, na ndiyo sababu ninadhani mwalimu mwenye busara anaweza kuzionesha, akianza na ugonjwa kwanza na sanaa baadaye.

Tuzo kutolewa Berlin kuna maana nyingine ambayo si lazima watoaji waliikusudia. Katika mji huo, miaka ya 1920, aliishi msanii Hannah Höch, mmoja wa waanzilishi wa sanaa ya kukata na kubandika picha za kamera. Alifanya kazi katika kampuni kubwa ya magazeti akibuni ruwaza za kudarizi, na magazeti yenyewe yakawa shamba lake. Katika mfululizo mmoja aliounasibisha na jumba la makumbusho la ethnografia, alichukua picha za vinyago vya Afrika na kwingineko akaviweka juu ya miili ya wanawake wa Kizungu. Alikuwa akiwasema Wajerumani wenzake: jinsi mnavyomweka kinyago katika sanduku la kioo, ndivyo mnavyomweka mwanamke. Hoja ilikuwa nzuri, lakini ndani yake kinyago kilibaki kinyago. Hakikuulizwa neno. Miaka zaidi ya 80 baadaye mwanamke kutoka bara la vinyago anaingia mji ule ule akiwa na mkasi wake mwenyewe. Wahakiki wengi wamewalinganisha wawili hao. Mimi nasema ulinganisho huo una faida ikiwa tutakumbuka nani katika kazi hizo alikuwa amekatwa, na nani alikuwa ameshika mkasi.

Sasa niseme na yale yasiyonipendeza. Kazi kubwa za Mutu, zile zilizompa umaarufu katika masoko ya sanaa, hazikufanywa juu ya karatasi. Zilifanywa juu ya Mylar, karatasi ya plastiki iliyo laini na yenye kupitisha mwanga, ambayo wachoraji wa ramani za majengo waliipenda. Wino hutuama juu yake kama maji juu ya jani la mgomba, ukakauka kwa mabaka mazuri sana. Uzuri huo ndio unaonitia shaka. Mylar haina historia. Haikupata kumdanganya mtu wala kumwamuru mtu. Vipande vya magazeti vinapobandikwa juu yake huelea, na wanawake wale wenye magurudumu kwenye viungo huanza kufanana, kama wahusika wa ngano anayoisimulia mtu anayejua kwamba tumekwisha kuipenda. Katika zile kurasa 12 ndogo kila kipande kinagombana na ukurasa kilichokaa juu yake. Katika zile kubwa hakuna wa kugombana naye. Tajiri anaweza kuitundika sebuleni na kuiita pambo.

Tuzo nayo imepatwa na jambo kama hilo. Mwaka 2013 ilikwenda kwa Imran Qureshi wa Pakistan, na hapo karatasi ilikuwa bado kiini cha jambo. Qureshi ni bingwa wa michoro midogo ya jadi inayochorwa juu ya wasli, karatasi inayotengenezwa kwa mkono kwa kugandisha tabaka kadhaa na kuzisugua mpaka zing'ae. Yeye huitayarisha karatasi kama mtu anayetayarisha shamba, ilhali Mutu huikuta karatasi imekwisha kulimwa na wengine. Ni njia mbili tofauti, na zote mbili ni halali, kwa sababu katika zote karatasi inafanya kazi. Mwaka 2017 tuzo ilikwenda kwa Kemang Wa Lehulere wa Afrika Kusini, anayechora kwa chaki juu ya ubao mweusi na kutengeneza vinyago kwa mbao za madawati ya shule. Kama mtu wa ubao na chaki, siwezi kuficha furaha yangu. Lakini ubao si karatasi. Mwaka 2022 ikaenda kwa LuYang wa China, ambaye kazi zake ni filamu na michezo iliyoundwa kwa kompyuta. Sisemi kwamba wasanii hao hawakustahili kutuzwa. Nasema kwamba tuzo iliyoanza kwa kuuliza swali moja gumu imeishia kuuliza maswali yote kwa pamoja, na tuzo za namna hiyo duniani ni nyingi mno. Sharti dogo lilikuwa ndilo fahari yake.

Turudi nyumbani. Si kweli kwamba nchi yetu haikuwa na sanaa ya karatasi. Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1972, ililea wasanii kama George Lilanga na Robino Ntila, ambao pamoja na kazi nyingine walichora juu ya bamba la metali na kupiga chapa katika karatasi. Chapa zao zilikwenda mbali. Majirani zetu wa Uganda nao wana akina mama wa Kampala, wengi wao wakimbizi wa vita vya kaskazini waliokaa katika mtaa wa Acholi Quarter, wanaoviringisha vipande vya magazeti na kalenda kuwa shanga. Shanga hizo zimesomesha watoto, na mimi sitamdharau mama anayesomesha mtoto kwa karatasi. Ila tofauti ni lazima isemwe. Ndani ya shanga, gazeti limefichwa. Uzuri wake ni kwamba huwezi tena kulisoma. Katika ukurasa wa Mutu bado unalisoma.

Na katika vyuo vyetu vya ualimu, kwa miaka mingi, hakuna mwanachuo aliyekwenda mazoezi ya kufundisha bila zana za karatasi. Nimekagua mamia ya zana hizo. Manila ilipokosekana walikung'uta mifuko ya saruji, wakaipasua na kuchora upande wa ndani. Tufe la dunia lilitengenezwa kwa magazeti yaliyorowekwa na gundi ya unga. Picha za mfumo wa chakula zilikatwa kutoka popote. Zana hizo zilipewa alama kwa usafi, usahihi wa herufi na kuonekana kutoka nyuma ya darasa. Baada ya muhula zikaliwa na mchwa. Hakuna aliyeziita sanaa, na nyingi hazikuwa sanaa. Walimu walijua kukata na kubandika kuliko msanii yeyote. Kilichokosekana ni ile hatua moja ya ziada: kuuliza karatasi hii ilitoka wapi, na ilikuwa ikisema nini kabla hatujaipasua.

Tuzo ya hapa kwetu ingeweza kuanzia hapo, na isingehitaji benki. Siku hizi mifuko ya karatasi imerudi sokoni tangu ile ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na kila nyumba katika kata yetu ya Nkuhungu ina rundo la karatasi: stakabadhi, barua za mwaliko wa harusi zenye kima cha mchango, madaftari yaliyojaa, kadi za kliniki, fomu za viwanja zilizozungushwa ofisi tatu. Kila moja imekwisha kusema jambo kwa mtu. Ningeweka sharti moja tu, na kulishikilia kuliko Wajerumani walivyolishikilia lao: karatasi iwe na maisha kabla ya msanii kuigusa, na maisha hayo yasomeke bado kazi inapokwisha. Mwenye kukata kadi ya kliniki atalazimika kufikiri juu ya mama aliyeibeba. Mwenye kukata fomu ya kiwanja atalazimika kumfikiria yule aliyeijaza. Nadhani kazi tano nzuri zitatosha mwaka wa kwanza, nazo zitundikwe mahali ambapo wenye karatasi zile watapita.